Hitilafu za Mapigo ya Moyo

Moyo wa mtu mzima aliyetulia hupiga mara 60 hadi 100 kwa dakika, ukifuata amri ya umeme inayotoka katika kifundo kidogo kilichomo kwenye chumba cha juu cha kulia. Amri hiyo ikichelewa, ikipotea njia au ikitolewa na pahali pasipohusika, mapigo huvurugika. Mgonjwa husikia moyo ukimwenda mbio, au kizunguzungu. Wengine hawasikii lolote.

Hitilafu iliyoenea sana ni mtetemo wa vyumba vya juu: badala ya kujikamua, hutikisika tu. Damu hutuama na kuganda, na bonge likifika ubongoni huleta kiharusi. Uzee na shinikizo la damu huchangia sana, lakini Afrika Mashariki mtetemo huu huwapata hata vijana ambao valvu zao ziliharibiwa na homa ya baridi yabisi utotoni. Hao hupewa warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, ambayo hutaka damu ipimwe mara kwa mara. Kwa anayeishi mbali na hospitali, kipimo ni kigumu kuliko kidonge.

Mapigo yakizorota, huwekwa betri ya moyo. Ya kwanza kupandikizwa mwilini ilibuniwa na Rune Elmqvist, na daktari Åke Senning akamwekea Arne Larsson mjini Stockholm, tarehe 8 Oktoba 1958. Ilizimika baada ya saa chache! Larsson alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, akafariki 2001, akiwa amewazika Elmqvist na Senning wote wawili.

Kwa mapigo ya mbio, kateta, yaani mrija mwembamba, hupitishwa kwenye mshipa wa paja hadi moyoni, kisha ncha yake huunguza au kugandisha doa linalotoa amri potofu. Mwaka 1998 Michel Haïssaguerre na wenzake wa Bordeaux walionyesha kwamba chanzo cha mtetemo mara nyingi kimo ndani ya mishipa inayoleta damu kutoka mapafuni. Tangu hapo madaktari huizingira mishipa hiyo kwa makovu.

Hatari kuliko zote ni mvurugiko wa vyumba vya chini, unaoua kwa dakika chache. Mwanasoka Fabrice Muamba, mzaliwa wa Kinshasa, alianguka uwanjani London mwezi Machi 2012, moyo ukasimama dakika 78. Alipona, akastaafu soka. Mwanasoka mwenzake Christian Eriksen, aliyeanguka Copenhagen 2021, aliwekewa kifaa kinachoushtua moyo kwa umeme kutoka ndani. Italia, alikokuwa akicheza, haikumruhusu kucheza nacho, akasajiliwa na Brentford ya Uingereza.