Shabiki na Shahidi: Fikira Zilizozaliwa Kaitaba

Jioni ya tarehe 2 Aprili 2017, watu waliotoka katika uwanja wa Kaitaba, mjini Bukoba, wakitawanyika makundi makundi kuelekea sokoni, stendi ya mabasi na kando ya ziwa, walikuwa na jambo moja ambalo hapana kati yao aliyelibishia, nalo ni hesabu ya mabao: Kagera Sugar mawili, Simba moja. Wengi wao walikuwa wamevaa nyekundu, kwa kuwa ndiyo kaida ya viwanja vya mikoani kufurika wapenzi wa mgeni, mgeni huyo akiwa Simba au Yanga. Walakini aliyevaa nyekundu na asiyevaa walikuwa wameona kitu kile kile kwa macho yao, na huzuni ya huyu na furaha ya yule zilisimama juu ya msingi mmoja.

Siku si nyingi baadaye msingi huo ulitikiswa. Simba walilalamika kwamba beki mmoja wa Kagera Sugar aliingia uwanjani siku ile ilhali ana kadi tatu za njano, na kwa hiyo hakustahili kucheza. Kagera Sugar wakakana kwamba mchezaji wao alionyeshwa kadi katika mchezo wa nyuma dhidi ya African Lyon, ambao ndio uliokuwa kiini cha shauri. Kamati ya Saa 72 ikawapa Simba pointi tatu. Kisha kamati nyingine ya shirikisho la mpira, ile ya Katiba, Sheria na Hadhi za Wachezaji, ikazirudisha Bukoba. Msimu ulipofika ukingoni, Yanga na Simba walikuwa na pointi 68 kila mmoja, na ubingwa ukaenda Yanga kwa tofauti ya mabao. Thamani ya zile pointi tatu msomaji ataipiga hesabu mwenyewe.

Sikusudii kulifufua shauri lile. Waliolihukumu walikuwa na vitabu vya kanuni mbele yao, nami sina. Linalonishughulisha ni yule mtu wa nyekundu aliyekuwapo Kaitaba, akaona, kisha akaletewa habari kwamba alichokiona kimebadilishwa kwa faida yake. Alifanya nini? Nawakumbuka wawili. Wa kwanza ni kijana wa bodaboda wa Muleba mjini, ambaye habari ilipomfikia alipiga honi kutoka stendi mpaka kituo cha mafuta na kurudi, na siku nzima hakuwa na neno jingine kinywani ila pointi tatu. Wa pili ni mzee wa Kamachumu, mnunuzi wa kahawa, ambaye moyo wake ulihamia Msimbazi tangu zama klabu ya Simba ilipokuwa ikiitwa Sunderland, jina lililoachwa mwaka 1971. Alikuwa ameketi juu ya benchi mbele ya duka, na kando yake kipande cha jani la mgomba kilichofungasha kahawa za kutafuna. Watani wake wa Yanga wakamjia kumchokoza, wakimtaka aseme kama pointi za mezani zina utamu. Akachagua buni moja, akaitia kinywani, akaitafuna pasipo haraka hata wao wakachoka kungoja, kisha akasema, "Tulifungwa, waitu. Nilikuwepo."

Mbele ya kadamnasi, yule kijana ndiye shabiki, na mzee ni mtu aliyepoa. Mimi nadai kinyume chake, na hoja yangu ni hii: ushabiki wa kweli ni namna ya ushahidi, na asiyeweza kuwa shahidi wa timu yake, hata katika jambo linaloidhuru, bado hajawa shabiki wake.

Hebu tuutazame mpira wenyewe ulivyo. Miwa ya Missenyi, ng'ambo ya mto Kagera, katika ardhi ile iliyovamiwa na majeshi ya Idi Amin mwaka 1978, hukatwa na kusagwa, na mwisho wa kazi hiyo yapo magunia ya sukari ambayo mtu aweza kuyahesabu ghalani. Kahawa ya Muleba huchumwa na kuanikwa, na mwisho wake ipo mizani. Lakini timu inayobeba jina la kiwanda kile hucheza dakika 90, na kipenga cha mwisho kikilia hakibaki kitu kinachoweza kutiwa ghalani: majani ya bandia ya Kaitaba hayahifadhi alama ya kiatu, na bao, pindi likiisha kufungwa, halipo tena popote isipokuwa katika vinywa vya waliokuwapo. Mchezo, basi, huishi kwa ushuhuda, na mwenye kuughushi ushuhuda huo, hata kwa kuipenda timu yake, ameipokonya timu mali yake ya pekee. Ndiyo maana ushindi wa mezani, hata uwe halali kwa kanuni zote, hauna ladha: hauna pasi, hauna mkimbio, hauna kipa aliyeruka akaukosa mpira kwa ncha za vidole. Mtu atamsimulia nini mjukuu wake?

Alama ambazo watu huzitaja kwa kawaida sitakaa nazo muda mrefu. Jezi hununuliwa. Kadi ya uanachama hulipiwa. Sauti ni karama ya mapafu, na ujuzi wa majina ya wachezaji ni karama ya kumbukumbu, na wote tunawafahamu watu wawezao kutaja kikosi cha mwaka fulani bila kukosea hata mmoja ilhali mioyo yao haijapata kuumia kwa ajili ya yeyote katika hao kumi na mmoja.

Pingamizi lenye uzito linatoka upande mwingine. Ikiwa shabiki ni shahidi, atasema mpinzani wangu, basi shabiki mkuu kuliko wote ni mcheza kamari. Maana hapana mtu ajuaye matokeo kwa usahihi kuliko kijana aliyeketi katika banda umiza na mkeka wake mkononi, ambaye ameitia timu yake mwenyewe katika orodha ya watakaofungwa, na ambaye kweli haimsumbui kwa kuwa hana upande. Nakubali, na pingamizi hilo limenilazimisha kuikamilisha hoja yangu. Katika kila baraza la hukumu, ushahidi ulio mzito kuliko wote ni ule unaomgharimu mwenye kuutoa: baba anaposhuhudia dhidi ya mwanawe, au mfanyabiashara anapokiri deni ambalo mdai wake alikwisha kulisahau. Mwenye mkeka hasemi kweli kwa gharama yoyote ya moyo; mkeka ukichanika ameumia mfuko, na kesho atafuma mwingine juu ya timu za Ufaransa au Uturuki ambazo hajui hata ramani ya miji yao. Yule kijana wa honi, kwa upande wake, alikuwa na maumivu bila kweli. Mzee wa Kamachumu alikuwa na vyote viwili, na kweli ile ilipita katika koo lililokuwa likiuma.

Mwanafalsafa Nicholas Dixon, katika makala aliyoichapisha mwaka 2001 juu ya maadili ya kushabikia timu, aliwatenga watu wa namna mbili: mwenye upande, afungamanaye na timu yake katika heri na shari, na mpenda mchezo safi, ambaye huhama na uzuri wa mpira popote unapohamia, naye akaona kwamba aliye bora ni mwenye upande aliye na kiasi. Ni rai ya busara, lakini kwangu mimi kiasi si neno linalotosha, kwa sababu hupima joto la mapenzi tu. Nimewaona watu wa Bukoba wanaochemka mpaka wakapoteza sauti kwa siku tatu, hata hivyo ukiwauliza kama penalti ilikuwa halali watakuambia ilikuwa halali, huku wakimlaani aliyeisababisha, ambaye ni wa kwao.

Kuna swali jingine ambalo Muleba hulileta kwa nguvu kuliko mahali pengi. Wilaya ile haikomei kwenye migomba ya Nshamba na Kamachumu. Inaingia ziwani mpaka Bumbire, Ikuza na Goziba, visiwa vya wavuvi wa sangara na dagaa, ambako mtu aweza kuzaliwa, kuoa na kuzeeka akiwa mwana Yanga pasipo kukanyaga Kaitaba, sembuse Dar es Salaam iliyo zaidi ya kilometa elfu moja kutoka kwake. Je, huyu ni shahidi wa nini? Hapa naona elimu ya kale ya wanavyuoni wa pwani yatufaa: habari huthibiti kwa isnadi, yaani mnyororo wa wapokezi ambao kila mmoja hujulikana alisikia kwa nani. Mwaka 1977, mkoa huu wa Kagera ulipokuwa ungali ukiitwa Ziwa Magharibi, Simba waliwafunga Yanga mabao sita kwa sifuri, na habari hiyo husimuliwa hadi leo huku bara na visiwani na watu ambao hawakuwa wamezaliwa. Anayesema, "Nilisikia kwa baba, naye alisikia kwa mjomba aliyekuwa mjini," anautunza mnyororo. Anayeongeza bao la saba ameukata. Na Mungu awape maisha marefu watani wa jadi, kwa sababu kazi yao moja, ambayo haisifiwi ipasavyo, ni kumsimamia msimuliaji asipitilize. Pasipo mtani, kila klabu ingekuwa bingwa wa milele katika masimulizi ya watu wake.

Mara kwa mara huulizwa pia kama mtu wa Bukoba anayeshangilia Simba au Yanga dhidi ya Wanankurukumbi, yaani Kagera Sugar, timu ya nyumbani, si msaliti. Wenye kuuliza hivyo, nadhani, wameisahau mila. Wahaya wa zamani walijua vifungo viwili: oluganda, ukoo ambao mtu huzaliwa ndani yake bila kuulizwa, na omukago, undugu wa hiari, ambao watu wawili waliufunga kwa kuchanja ngozi, kupaka damu juu ya buni mbili za tunda moja la kahawa, na kila mmoja kuimeza ile iliyobeba damu ya mwenzake. Haikuwa aibu mtu kuwa na vifungo vyote viwili. Aibu ilikuwa kuvunja kimojawapo kwa siri. Timu ya Kaitaba, ijapokuwa ni timu ya kampuni, imekuwa kwa watu wa huku kama ukoo, kwa kuwa hawakuichagua. Klabu za Dar es Salaam ni omukago. Siku vifungo hivyo vinapogongana, mtu na alie upande aupendao, maadamu hakani kilichotokea.

Na siku moja viligongana kwa namna ambayo mtunzi wa riwaya asingethubutu kuibuni. Tarehe 19 Mei 2018 Simba, ambao walikwisha kuwa mabingwa na hawakuwa wamefungwa mchezo wowote wa ligi msimu ule, waliwakaribisha Kagera Sugar katika Uwanja wa Taifa, na Rais John Magufuli alikuwapo kuwakabidhi kombe. Dakika ya 85 Edward Christopher akaifungia Kagera Sugar. Mchezo ukielekea kwisha Simba wakapata penalti, Emmanuel Okwi akaipiga, na aliyeidaka alikuwa Juma Kaseja, kipa yule yule ambaye watu wa Msimbazi walimbeba mabegani miaka mingi alipokuwa wao. Nilikuwa katika banda umiza moja la Muleba, kiti cha mbao, bati likivuja kidogo upande wa televisheni. Penalti ilipookolewa pakapita kitambo cha ukimya kama wa mtu anayetafuta ufunguo mfukoni, kisha wenye nyekundu, mmoja baada ya mwingine, wakaanza kucheka, bila kupenda, jina la Kaseja likiwatoka vinywani. Walikuwa wamefungwa, na walijua wamefungwa na nani.

Neno "nilikuwepo" lina uzito wa namna yake Kaitaba. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria iliyotoka Dar es Salaam ilianguka ziwani ikikaribia kutua Bukoba, watu 19 wakafariki, na kesho yake miili yao iliagwa katika uwanja huo huo. Aliyesimama pale siku ile, mahali ambapo wiki nyingine angesimama kudai kona, hawezi tena kulitamka neno hilo kwa wepesi.

Mwaka 2025 Kagera Sugar walishuka daraja. Msimu uliofuata nyekundu na njano za Dar es Salaam hazikuwa na sababu ya kuijaza Kaitaba, na wageni waliokuja walikuwa wa Ligi ya Championship, ambao majina yao hayasimamishi bodaboda barabarani. Siku moja baada ya mchezo wa namna hiyo mzee wa Kamachumu, ambaye miguu haimruhusu tena kusafiri, alinipigia simu kutaka matokeo, nami nikampa.

"Ulikuwepo, mwanangu?"

"Hapana, mzee. Nimeyaona kwenye simu."

Akanyamaza kidogo, nikamsikia akitafuna. Kisha akaniuliza nani alifunga, na alifunga kwa mguu gani. Sikujua.