Kitako cha Bunduki: Mafuta, Maji na Rangi

Shoka lisilo mpini halichanji kuni, na bunduki isiyo kitako haina shabaha. Hata hivyo, waandishi wa tarikhi ya silaha hujaza kurasa kwa habari za chuma na baruti, na mti unaoegemea bega la askari wakaupitia kwa sentensi moja. Mti huo nao una tarikhi yake, nayo ni tarikhi ya ugomvi na maji.

Huko Ulaya na Marekani, mti uliopendelewa ulikuwa mjozi. Ukikaushwa vyema haupindi upesi, ni imara bila ya kuwa mzito mno, na hustahimili kishindo cha baruti. Bunduki ya Kiingereza iitwayo Lee-Enfield ilivikwa mti huo, na askari wakafunzwa kuusugua kwa mafuta ya kitani, yanayopenya ndani na kuupunguzia mti kiu ya maji. Askari wa King's African Rifles, wengi wao wakiwasiliana kwa Kiswahili, walizibeba bunduki hizo hadi Burma mwaka 1944, wakapigana na Wajapani chini ya mvua za kusi.

Lakini mafuta hupunguza kiu, hayaimalizi. Mwaka 1966 Wanamaji wa Marekani walichagua bunduki ya walenga shabaha iliyoitwa M40, kazi ya kiwanda cha Remington, yenye kitako cha mti. Katika joto na unyevu wa Vietnam mti ulivimba, ukaisukuma kasiba, na risasi zikaacha njia. Katika miaka ya 1970 toleo la M40A1 likapewa kitako cha faiba, ile ile inayoundiwa mashua. Remington yenyewe ilikuwa imekwisha kuuza, tangu mwaka 1959, bunduki ndogo ya Nylon 66 yenye kitako cha nailoni.

Maji yakashindwa, lakini kiganja kikapata hasara. Fundi wa mti alikuwa akichonga vijimraba vidogo vidogo mahali pa kushikia. Plastiki ya bei nafuu huteleza kwa jasho. Ndipo wawindaji wa Marekani walipoanza kujitengenezea nyumbani. Kwanza huhakikisha bunduki haina risasi, kisha hukifungua kitako, wakakikwaruza kwa msasa na kukifuta mafuta kwa spiriti. Baadaye hupuliza rangi ya chembechembe kutoka kwenye kopo, tabaka nyembamba juu ya tabaka, kila moja ikingojea iliyotangulia ikauke. Mwisho hufunika yote kwa vanishi isiyong'aa. Kiganja hupata tena ukwaruzo wake.

Mwenye pupa, hata hivyo, hupuliza hadi ndani ya mfereji inamolala kasiba. Rangi ikirundikana humo, huigusa kasiba kama mti uliovimba ulivyoigusa, na maradhi ya Vietnam yakarudi kupitia kopo. Fundi mwangalifu huziba mfereji kwa utepe kabla ya kuanza.

Mafuta ya kitani yalimtaka mwenye bunduki arudi kila mara, auguse mti, aone ufa ungali mdogo. Rangi humpa raha ya kutorudi, na chini yake ufa hukua bila ya kuonekana. Kwa chombo kilichoundwa ili kiue, kusahaulika hivyo si jambo dogo.