Sukari ya Miezi Mitatu

Mama mkubwa alirudi na begi lile lile alilokwenda nalo: kanga mbili, taulo, sabuni, na bahasha ya kaki yenye picha za mgongo wake. Familia ilikuwa imechanga kwa miezi saba ili awekewe skrubu kwenye pingili mbili za kiuno, mahali ambapo neva ya mguu wa kushoto ilikuwa imebanwa. Alilala wodini usiku mmoja. Asubuhi akaambiwa arudi nyumbani.

"Mimi nimekwenda na mgongo," alisema, akikaa kwenye kochi kwa upande mmoja, "wao wananiambia habari za sukari."

Karatasi ya maabara ilionyesha HbA1c asilimia 10.2. Daktari alitaka ishuke chini ya 8. Shemeji mmoja alikuwa na hakika kwamba hospitali inatafuta pesa zaidi. Mimi ndiye niliyekuwa natunza michango, kwa hiyo maswali yote ya kundi la WhatsApp yaliniangukia. Nikaanza kusoma, nikitafuta kwa kweli sababu ya kuwalaumu madaktari. Nilichokikuta ni historia ya madaktari wenyewe, jinsi walivyojifunza, kwa gharama ya wagonjwa, kuutazama mwili mzima kabla ya kushika kisu.

Upasuaji wa mgongo tunaoujua leo si wa zamani sana. Mwaka 1911, huko New York, Russell Hibbs na Fred Albee, kila mmoja kwa njia yake, walichapisha namna ya kuunganisha pingili za mgongo ulioharibiwa na kifua kikuu. Mwaka 1934, William Mixter na Joseph Barr wa Boston walionyesha kwamba maumivu yanayoshuka mguuni yanaweza kutokana na diski iliyotoka mahali pake na kubana neva, na kwamba daktari anaweza kuiondoa. Maswali ya kizazi hicho yalikuwa ya mikono: ukate wapi, utoe nini, uunge kwa mfupa gani.

Miaka miwili baadaye swali la aina nyingine liliulizwa, na aliyeliuliza hakuwa daktari wa mgongo. Hiram Studley, daktari wa upasuaji mjini Cleveland, alitaka kujua kwa nini baadhi ya wagonjwa wake wa vidonda vya tumbo walikuwa wanakufa baada ya upasuaji. Aliwachunguza wagonjwa 46. Alitazama umri, moyo, mapafu, hata aina ya upasuaji. Kilichowatenganisha zaidi waliopona na waliokufa kilikuwa uzito walioupoteza kabla ya kuingia hospitali. Kati ya waliopungua kwa asilimia 20 au zaidi, mmoja katika kila watatu alikufa. Kati ya wengine, walikufa chini ya wanne katika kila mia. Jibu lilikuwa kwenye mizani, siku nyingi kabla ya kisu.

Katika miaka hiyo hiyo David Cuthbertson, mwanakemia wa tiba mjini Glasgow, alikuwa anapima mkojo wa watu waliovunjika miguu. Aligundua kwamba mwili uliojeruhiwa hupoteza naitrojeni nyingi, maana yake unavunja misuli yake wenyewe. Na upasuaji, hata uwe wa usafi namna gani, ni jeraha. Homoni za mshtuko hupanda, ini humwaga sukari kwenye damu, na insulini hushindwa kufanya kazi yake vizuri. Hata mtu asiye na kisukari sukari yake inaweza kupanda siku hiyo. Mwenye kisukari anaingia na mzigo, kisha anaongezewa mwingine.

Insulini yenyewe imepitia mikono ya daktari wa mifupa. Frederick Banting alikuwa amefanya kazi ya upasuaji wa mifupa katika hospitali ya watoto ya Toronto kabla ya mwaka 1921, alipoanza majaribio ya kongosho akiwa na Charles Best. Januari 1922 mvulana wa miaka 14 alichomwa sindano ya kwanza. Lakini kwa miongo mingi daktari aliweza kuiona sukari ya siku ile tu. Mgonjwa angeweza kufunga siku mbili na kumridhisha. Mwaka 1968, Samuel Rahbar wa Tehran, akichunguza damu, aliona himoglobini isiyo ya kawaida kwa wagonjwa wa kisukari. Ni himoglobini iliyonasa sukari. Kwa kuwa chembe nyekundu huishi kama siku 120, damu yenyewe hutunza kumbukumbu ya miezi miwili hadi mitatu. Hiyo ndiyo 10.2 ya mama mkubwa.

Mgongoni kumbukumbu hiyo ina uzito wa pekee. Misuli huvutwa pembeni kwa saa kadhaa, na damu haiifikii vizuri. Sukari ikiwa juu, chembe nyeupe huwa nzito kupambana na bakteria, na mishipa midogo ya kulisha mshono huwa imeharibika. Bakteria wakishanata kwenye chuma, mara nyingi mgonjwa hurudishwa chumba cha upasuaji kuoshwa. Na skrubu hushikilia kwa muda tu. Kinachotakiwa ni mfupa uunge, kazi ya miezi mingi. Usipounga, skrubu hulegea. Wavutaji wa sigara wanakutana na tatizo hilo hilo, na waliodhoofika kwa lishe pia.

Nilipofika hapo hasira yangu ilikuwa imepungua, ila sikukubali yote. Upo mduara ambao karatasi ya maabara haiuonyeshi: mgongo unamzuia kutembea, kutotembea kunapandisha sukari, sukari inazuia mgongo kutengenezwa. Kumwambia mtu wa hivyo "kashushe sukari" bila kumpa njia ni kumfungia mlango kwa adabu. Tena wapo wasioweza kusubiri. Mguu ukianza kupooza au mkojo ukiacha kudhibitika, upasuaji hauahirishwi.

Na kuishusha kwa pupa si dawa. Mwaka 2009, utafiti wa wagonjwa zaidi ya 6,000 wa vyumba vya wagonjwa mahututi ulionyesha kwamba waliobanwa sukari hadi kiwango cha mtu mzima wa afya walikufa zaidi, asilimia 27.5, kuliko walioachiwa kiwango cha wastani, asilimia 24.9.

Niliandika haya yote kwenye kundi, kwa ufupi. Tukakubaliana sehemu ya mchango inunue stripu za kupimia sukari na kulipia nauli ya kliniki. Muuguzi alimfundisha mama mkubwa kujichoma insulini. Mtaalamu wa mazoezi alimpa ya kufanya akiwa amekaa. Chai ya sukari aliiaga kwa manung'uniko. Jioni alitembea na mkongojo kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe, akapumzika, akarudi.

Kipimo cha mwezi wa nne kilisoma 7.7. Amepewa tarehe mpya. Begi liko tayari, na safari hii, juu ya bahasha ya kaki, ameweka daftari la sukari aliloandika kwa mkono wake.