Elimu ya mali mbele ya vijana: habari ya Irlandi

Kati ya masomo wanayopewa vijana wa madarasa ya juu, elimu ya mali, ndiyo ekonomia, inafundishwa upesi lakini inafahamiwa polepole. Mwalimu anachora ubaoni mistari miwili, mmoja wa wauzaji na mmoja wa wanunuzi. Pale inapokutana, anasema, ndipo bei ilipo. Wanafunzi wanaandika, nao wanafaulu mtihani. Lakini je, wamefahamu? Tutazame habari ya Irlandi.

Katika mwaka 1829, padri mmoja wa Kianglikani, Richard Whately, alichaguliwa kufundisha ekonomia katika Oxford. Siku zile watu wengi wa dini waliichukia elimu hii, kwani waliiona kuwa mama wa tamaa. Yeye aliona kwamba, kama watu wa dini wakiiacha, wengine wataishika peke yao. Katika mwaka 1831 akafanywa askofu mkuu wa Dublin. Mwaka uleule Serikali ilianzisha shule za watoto wa Irlandi, Wakatoliki na Waprotestanti pamoja. Katika baraza la shule zile Whately alikaa pamoja na Daniel Murray, askofu mkuu Mkatoliki wa mji uleule.

Katika mwaka 1833 Whately alitoa kitabu kidogo cha vijana juu ya mambo ya feza: kubadilishana vitu, sarafu, bei, mshahara, matajiri na masikini, kodi. Mafundisho yale yakaingia katika vitabu vya kusoma vya shule. Maneno yake ni mepesi, na mifano yake ni ya kila siku. Kati ya mengine alifundisha kwamba sheria haiwezi kupandisha mshahara, na kwamba ni heri kila mtu aachwe apatane mwenyewe na bwana wake.

Lakini tangu mwaka ule 1833 Serikali ilimpa pia kazi ya kusimamia uchunguzi wa umasikini katika inchi nzima. Katika mwaka 1836 yeye na wenzake walitoa hesabu: watu zaidi ya 2,000,000 walihitaji msaada kwa majuma 30 ya kila mwaka. Wakubwa wa London walitaka kujenga nyumba za masikini zenye maisha magumu, kusudi mtu apende kutafuta kazi inje kuliko kuingia humo. Wachunguzi wakajibu kwamba dawa hiyo haifai, kwani katika Irlandi kazi yenyewe haipatikani. Waliomba mashamba yatengenezwe, maji ya mabwawa yaondolewe, na wanaotaka kuhama wasaidiwe. Shauri lao likakataliwa, na sheria ya mwaka 1838 ikaleta nyumba zilezile.

Basi, katika mwaka 1845 ugonjwa ukaharibu viazi, chakula cha masikini. Watu karibu 1,000,000 walikufa, na wengine zaidi ya 1,000,000 walihama. Katika miaka ile ngano na ng'ombe viliendelea kupakiwa katika meli kwenda Uingereza. Kwa nini? Kwa sababu mwenye njaa asiye na feza hahesabiwi sokoni kuwa mnunuzi. Ule mstari wa wanunuzi hauonyeshi njaa ya watu. Unaonyesha tu haja ya mtu anayeweza kulipa. Katika mwaka 1981 Amartya Sen, mtaalamu wa Uhindi, alionyesha jambo hilo tena kwa njaa ya Bengal ya mwaka 1943: watu wengi walikufa kwa kukosa njia ya kupata chakula, ingawa chakula kilikuwamo katika inchi.

Si haki kusema kwamba kitabu kidogo cha shule kiliua watu. Lakini wakubwa waliofunga mkono siku zile walikuwa wamelelewa katika mafundisho ya namna ileile.

Katika Uingereza vijana wa miaka 16 mpaka 18 hukaa miaka 2 katika darasa la sita, na tangu mwaka 1951 wanafanya mtihani mpya wa mwisho. Ekonomia ni moja ya masomo wanayoweza kuchagua. Walimu wametafuta njia nyingi za kulifungua somo hili. Bill Phillips, mzaliwa wa New Zealand, alionyesha London katika mwaka 1949 mashini ya maji: maji yalipita katika mifereji, na watu waliona kwa macho feza inavyokwenda katika kodi, akiba na biashara ya inje, kisha kurudi. Ni msaada mzuri. Lakini mashini ile haionyeshi nyumba ambayo maji hayakufika.

Kwa hiyo mwalimu akichora ile mistari miwili, asifute ubao upesi. Awaulize wanafunzi: Nani hayumo katika mstari huu? Kwa nini hana feza? Kisha awatume sokoni wakahesabu bei ya unga na mshahara wa kibarua kwa siku moja. Whately mwenyewe alifahamu zaidi katika miaka 3 ya kuhesabu masikini kuliko katika kiti chake cha Oxford.