Kigango Kilivyofanywa Sanaa: Wizi, Sheria na Urejeshaji wa Nguzo za Kumbukumbu za Wamijikenda

Ikisiri

Makala haya yanachunguza wizi wa vigango katika pwani ya Kenya na safari yake hadi katika makumbusho ya Marekani. Hoja kuu ni kwamba wizi huo haukukamilika siku nguzo ilipong'olewa ardhini. Ulikamilishwa hatua kwa hatua na duka, dalali, mkusanyaji na makumbusho, kila mmoja akiongeza karatasi iliyofuta jina la marehemu na kuweka mahali pake neno "sanaa". Aidha, makala yanaonesha kwamba ufutaji huo wa majina ndio unaoufanya urejeshaji kuwa mgumu hata pale nia njema inapokuwapo.

1.0 Utangulizi

Inapotajwa jinai ya sanaa, wengi hukumbuka michoro ya mabingwa wa Ulaya inayoporwa kutoka kwenye kuta za makumbusho. Katika visa vya namna hiyo makumbusho ndiyo yaliyoibiwa. Historia ya vigango inaipindua picha hiyo: makumbusho ndiyo yaliyopokea kilichoibiwa, na walioibiwa ni familia za wakulima zisizokuwa na hati, bima wala wakili. Hivyo basi, swali la msingi si nani alikiiba kigango tu, bali ni vipi kitu ambacho mila ilikataza kisihamishwe kiliweza kuvuka bahari na kuingizwa katika daftari la makumbusho bila ya mtu kushtakiwa.

2.0 Kigango katika Maisha ya Wagiriama

Miongoni mwa makundi tisa ya Wamijikenda, Wagiriama ndio wanaojulikana zaidi kwa uchongaji wa vigango. Kigango ni nguzo ndefu ya mti mgumu, yenye kichwa cha mviringo na kiwiliwili kilichonakshiwa kwa pembetatu na maumbo mengine ya kijiometri. Si kila aliyefariki alichongewa. Heshima hiyo ilikuwa ya wanachama wa Gohu, chama cha wazee wenye hadhi na mali. Aghalabu marehemu mwenyewe ndiye aliyekidai: alimtokea jamaa yake ndotoni, au ugonjwa uliingia nyumbani na mganga akaeleza kwamba koma wa mzee anataka kusimamishiwa nguzo yake.

Kigango kilipokwisha kusimamishwa, kilivishwa vitambaa na kumiminiwa tembo la mnazi, na kilihesabiwa kuwa marehemu mwenyewe aliyekaa miongoni mwa watu wake. Kwa sababu hiyo hakikuuzwa wala kung'olewa. Familia ilipohamia shamba jipya, kigango kilibaki kilipokuwa, kiliwe na mchwa na mvua kwa wakati wake. Desturi hii ya kukiacha ndiyo iliyogeuzwa baadaye kuwa utetezi wa wafanyabiashara: walidai kwamba nguzo hizo zilikuwa zimetupwa. Utetezi huo unachanganya mambo mawili. Kaburi lililoachwa katika kijiji cha zamani halijawa mali ya mpita njia, na kigango kilichosimama peke yake porini hakikuwa kimekosa mwenyewe.

3.0 Mnyororo wa Wizi

Vurugu dhidi ya maeneo matakatifu ya Wagiriama hazikuanza na biashara ya sanaa. Mwaka 1914, wakati wa upinzani unaohusishwa na Mekatilili wa Menza, serikali ya kikoloni ya Uingereza ililipua Kaya Fungo kwa baruti. Hata hivyo, lengo la wakoloni lilikuwa kuvunja mamlaka ya kaya. Kilichotokea kuanzia miaka ya 1970 kilikuwa na lengo jingine, nalo ni faida.

Utalii ulipopanuka katika pwani, maduka ya vinyago ya mijini yalianza kutafuta vigango. Vilivyong'olewa viliondolewa na vijana, mara nyingi wenyeji wa maeneo hayo hayo, waliojua kila nguzo iliposimama. Umaskini, uchache wa ajira na kulegea kwa mamlaka ya wazee, hasa baada ya wengi kuingia Ukristo na Uislamu, viliurahisisha wizi huo. Malipo ya kijana yalikuwa madogo; thamani ilipanda kadiri nguzo ilivyosogea mbali na nyumbani kwake. Ilipofika Marekani ilipewa kitako, ikamulikwa taa na kupangiwa bei. Wakusanyaji matajiri, wakiwamo watu wa ulimwengu wa filamu, walizinunua, na baadhi yao wakazitoa zawadi kwa makumbusho.

Zawadi hiyo ilikuwa kiungo muhimu cha mnyororo. Katika rejista ya makumbusho, mtoaji alikuwa mtu mwenye jina. Aliyechongewa nguzo hakuwa na jina lolote. Kwa namna hiyo historia ya umiliki ilianzia kwa mnunuzi wa mwisho, na yote yaliyotangulia yakawa kimya.

4.0 Mwanya wa Sheria

Sheria ya Kenya ya mambo ya kale na kumbukumbu ya mwaka 1983 ilikitambua kitu kuwa cha kale iwapo kilitengenezwa kabla ya mwaka 1895. Kipimo hicho kilifaa vyombo vya kale, lakini vigango vingi vilichongwa katika karne ya ishirini. Kilichosimamishwa kwa ajili ya baba wa mtu aliye hai kilikuwa kichanga mno kulindwa kwa kigezo hicho, ingawa kwa familia yake kilikuwa kitakatifu kuliko magofu yoyote. Sheria ilipima umri wa mti, ilhali jamii ilipima uhusiano wa mti huo na watu.

Wizi wa kawaida uliendelea kuwa kosa la jinai, lakini kosa hilo linahitaji mlalamikaji awezaye kuthibitisha kwamba kitu fulani ni chake. Vigango havikuandikishwa popote. Ushahidi wake ulikuwa katika kumbukumbu za wazee, na kumbukumbu hizo hazikuwa na nafasi mbele ya afisa wa forodha.

5.0 Picha ya Mwaka 1985

Umuhimu wa ushahidi unaonekana wazi katika kisa cha Kalume Mwakiru. Mwaka 1985 mwanaanthropolojia Monica Udvardy alimpiga picha mzee huyo akiwa kando ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda mfupi baadaye vyote viwili viliibiwa, naye mzee akaomba asaidiwe kuvitafuta. Miaka kumi na minne ilipita. Mwaka 1999, katika mkutano wa wataalamu wa taaluma za Afrika, Udvardy alikitambua kimojawapo katika slaidi zilizooneshwa na mtafiti mwenzake, Linda Giles. Kilikuwa katika mkusanyo wa makumbusho jimboni Illinois. Cha pili kiligunduliwa katika makumbusho ya Chuo Kikuu cha Hampton, Virginia.

Watafiti hao wawili, pamoja na John Mitsanze wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, walichapisha matokeo yao mwaka 2003, wakibainisha kuwapo kwa mamia ya vigango katika makumbusho 19 ya Marekani. Shinikizo lililofuata liliyafanya makumbusho yale mawili yakubali kurejesha, na mwaka 2007 sherehe ya mapokezi ilifanyika kijijini. Kalume Mwakiru hakuwa hai kuishuhudia.

6.0 Denver na Mipaka ya Nia Njema

Makumbusho ya Denver ya Mazingira Asilia na Sayansi yalikuwa na vigango 30, vilivyotolewa zawadi mwaka 1990. Makumbusho hayo yaliamua kuvirejesha bila kusubiri kushtakiwa, lakini vilifika Nairobi mwaka 2019 tu. Huko navyo vilikumbana na madai ya ushuru, kana kwamba ni bidhaa ngeni inayoingia nchini.

Ugumu mkubwa zaidi haukuwa ushuru. Hakuna aliyejua kila nguzo ilitoka boma gani. Kwa hiyo zilikabidhiwa taasisi ya taifa badala ya familia. Hapa tofauti na kisa cha Mwakiru inajitokeza: kigango chenye picha kilirudi nyumbani, na visivyo na picha vilirudi nchini.

7.0 Hitimisho

Uchambuzi huu umeonesha kwamba jinai ya vigango ilikuwa na sehemu mbili. Ya kwanza, kung'oa, ilifanywa usiku na watu maskini. Ya pili, kufuta jina, ilifanywa mchana na taasisi zenye heshima, na madhara yake yamedumu zaidi. Kutokana na hayo, urejeshaji usipimwe kwa idadi ya masanduku yanayoshushwa uwanja wa ndege. Upimwe kwa idadi ya marehemu waliotambuliwa tena. Kazi ya haraka iliyobaki ni kukusanya, kwa ridhaa ya familia na wazee wa Gohu, majina na mahali pa vigango vilivyopotea na vinavyosimama hadi leo, kabla wanaovikumbuka hawajatoweka nao.