Posho, Riziki na Karamu: Tumaini la Meza Moja katika Nchi ya Thika na Ruiru

Makala haya yanakusudia kulichunguza neno karamu kama chombo cha kulielezea tumaini la Wakristo kwamba siku moja watu wa mataifa yote wataketi mezani pamoja katika ufalme wa Mungu. Tumezoea kuwaachia wanateolojia jambo hili. Lakini tumaini husemwa kwa maneno, na maneno yana historia. Hapo ndipo mwanafunzi wa lugha anapopata haki ya kuingia.

Karamu ni neno lenye mzizi wa Kiarabu, ndugu ya karimu, ukarimu na karama. Maana yake, basi, si wingi wa chakula tu, bali heshima ambayo mwenyeji humpa mgeni wake. Biblia ya Union (Agano Jipya mwaka 1950, Biblia nzima mwaka 1952) hulitumia katika Isaya 25, Mungu anapowaandalia mataifa yote. Katika Luka 14, maskini na vilema wanapoletwa kuijaza nyumba. Na katika Ufunuo 19, penye arusi ya Mwana-Kondoo.

Sasa tulitazame neno hili huko Thika na Ruiru. Reli ya kutoka Nairobi ilifika Thika mwaka 1913, na mashamba ya walowezi ya kahawa na mkonge yakastawi. Wakikuyu, Wakamba na watu wa magharibi walikutana humo kama vibarua, na Kiswahili kikawa lugha yao ya kazi. Chakula cha shamba kilikuwa na jina lake: posho. Posho ni kipimo cha unga. Hutolewa kwa hesabu, na anayeipokea huipokea kwa sababu ya kazi yake. Haina mwenyeji wala mgeni. Tena kuna riziki, neno ambalo wafasiri wa Union walilichagua katika Sala ya Bwana ya Mathayo 6. Riziki hutoka kwa Mungu, lakini mtu aweza kuila peke yake. Karamu pekee ndiyo isiyoliwa na mtu mmoja.

Yafaa tukumbuke kwamba mwaka huohuo wa 1913, mwezi wa Juni, wamisheni wa madhehebu mbalimbali walikutana Kikuyu, upande wa pili wa Nairobi, kushauriana juu ya shirikisho la makanisa yao. Mwishowe walishiriki Meza ya Bwana pamoja katika kanisa la Waskoti, wakiongozwa na Askofu Peel wa Mombasa. Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliwashtaki Peel na Willis wa Uganda kwa Askofu Mkuu wa Canterbury, akidai kuwa huo ni uzushi. Hoja yake haikuwa ndogo: aliona kwamba meza isiyo na imani moja ni umoja wa sura tu. Hata hivyo, kiti alichokikalia Weston ndicho alichokikalia Edward Steere, mmoja wa waliokipatia Kiswahili Biblia yake. Lugha ya karamu ilitoka Zanzibar. Na pingamizi la meza likatoka hukohuko. Zaidi ya hayo, waliobishana juu ya nani aketi na nani walikuwa wageni katika nchi ya wenyewe.

Wenyeji nao walikuwa na neno lao. Kikikuyu huiita karamu iruga; lakini mkate ukawa mugate, na divai ikawa ndibei, yote mawili kwa njia ya Kiswahili. Vilivyowekwa mezani vilikuwa vigeni. Karamu yenyewe haikuwa ngeni.

Wako wanaosema kwamba tumaini la karamu ya mbinguni liliwatuliza vibarua wasidai haki yao. Hoja hii haiwezi kupuuzwa, kwani neno halishibishi tumbo. Lakini aliyekwisha kuambiwa kwamba yeye ni mgeni wa heshima hupata pia kipimo cha kuipimia posho, na kuiona ilivyo duni.

Leo mashamba mengi ya kahawa ya Ruiru yamegeuka mitaa ya nyumba. Ni wajibu wetu kuyakusanya mahubiri na maombi ya Kiswahili cha mashambani wangali wako wanaoyakumbuka, ili tujue waliokula posho walimaanisha nini walipotamka karamu.