Motokari inapokataa kuwaka: historia moja ya Kasongo na Kabambare



Leo siandiki juu ya mbegu wala mbolea. Ninaandika juu ya motokari inayokataa kuwaka. Mtauliza: agronome anatafuta nini chini ya kapo ya gari? Jibu ni rahisi. Mpunga, karanga na mafuta ya mawese ya Kabambare havina miguu. Kamio ikilala njiani siku tatu, mihogo mibichi inaoza, mnunuzi anakwenda kwingine, na mwenye kulipa hasara ni mkulima. Basi kujua juu ya nini motere inakataa ni sehemu ya kilimo chetu. Tena jambo hilo liko na historia.

Mbele ya motere kulikuwa kichwa cha mtu. Wakati wa Tippu Tip, Kasongo ilikuwa mji mkubwa wa biashara, na pembe za ndovu zilisafiri kwa mabega ya wapagazi, kupita Kabambare, kuelekea ziwa Tanganyika. Mwaka 1893 jeshi la Dhanis liliteka Kasongo. Bwana alibadilika, mzigo ulibaki kichwani. Mwaka 1911 reli ilikuwa tayari inaunganisha Kindu na Kongolo, lakini ilipita ng'ambo ya magharibi ya Lualaba. Sisi tulibaki ng'ambo hii. Kisha ikaja pamba: tangu 1917 serikali ya Wabeleji ililazimisha watu kuilima, na Maniema ilikuwa kati ya sehemu za kwanza. Wakulima waliibeba mpaka kwenye vituo vya kununulia, na vijiji vilitakiwa kufungua na kufagia barabara, wapende wasipende. Motokari ilikuja kutembea juu ya jasho hilo.

Motokari za zamani ziliwashwa kwa manivele: chuma unachoingiza mbele ya motere na kukizungusha kwa mkono. Kazi hiyo ilikuwa ya boi-shofere. Ilikuwa na hatari, sababu motere ikirudisha nguvu nyuma, chuma kinavunja mkono. Ndiyo maana ilifundishwa kwamba kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, kisizunguke chuma. Lakini angalia vizuri: yule mwenye kuzungusha alikuwa pia anapima. Chuma kikizunguka laini bila kukataa, alijua kompresio imeisha. Kikigoma kabisa, motere imeshikana. Mkono wake ulikuwa chombo cha kupimia.

Mwaka 1912 Cadillac ya Marekani ilianza kuuzwa na demarere ya umeme, kazi ya Charles Kettering. Polepole dunia ikafuata. Mkono ukapumzika, lakini tangu siku ile motere ikawa mtumwa wa bateri. Hata hivyo, Land Rover za kwanza, mwaka 1948, zilikuwa zingali na nafasi ya manivele. Waliozitengeneza walijua kwamba kuna mahali ambapo bateri ikikufa, duka haliko karibu.

Sasa tuingie garajini. Hapa Kasongo nimewatazama mafundi wetu, na utaratibu wao ni wa kisayansi kabisa, hata kama hakuna aliyeuandika. Fundi mzuri hafungui kitu mbele ya kusikiliza.

Anawasha taa za mbele, kisha anageuza ufunguo. Taa zikizimika au zikififia sana, umeme hautoshi: bateri imechoka, au vichwa vyake vimeota ule unga mweupe, au kabli ya masi imelegea. Taa zikibaki na nguvu lakini kimya kabisa, umeme haufiki kwenye demarere, au demarere yenyewe imekufa. Motere ikizunguka kwa nguvu bila kuwaka, acha bateri ipumzike, haina kosa. Hapo unatafuta chakula cha motere. Kama ni ya esanse, unatazama kama esanse inafika na kama buji inatoa cheche. Kama ni ya mazutu, yenyewe haihitaji cheche. Adui wake ni maji ndani ya filtri, na hewa ndani ya tiyo. Hewa unaitoa hivi: unalegeza kidogo buloni ya filtri, unapiga pompa ya mkono mpaka povu liishe, kisha unafunga.

Hata kusukuma ni kipimo. Motokari ya zamani ikiwaka kwa kusukumwa, ujue ugonjwa uko kwenye bateri au demarere. Ikikataa, rudi kwenye chakula.

Juu ya nini ninasisitiza utaratibu huu? Juu ya umbali. Bateri mpya inatoka Bukavu, Goma ao Lubumbashi. Mtu akinunua bateri kumbe ni kabli ya masi, amepoteza pesa ya msimu mzima. Mjini kosa la kupima ni hasara ndogo. Kwetu linaweza kuua biashara.

Na umbali huu haukutoka mbinguni. Tarehe 30 Novemba 1973 Mobutu alitangaza zairianisasio. Maduka, makamio na magaraji ya wageni yalipewa watu ambao wengi hawakujua kazi hiyo, na piesi zikaanza kukosekana. Tayari 1964 uasi wa Simba ulikuwa umepita huku. Kisha vita vya 1996 na 1998 vilimaliza yaliyobaki: magari yaliibiwa, barabara ziliota majani, na mzigo ukarudi kwenye kinga na kichwani. Fundi aliyebaki alijifunza kuchukua piesi ya gari moja lililokufa na kuiweka kwenye lingine. Wengine wanaita hiyo bricolage. Mimi ninaiita elimu ya kuishi bila duka.

Leo pikipiki ndizo nyingi. Kiki yake ni mtoto wa manivele: mguu umechukua kazi ya mkono. Lakini magari mapya yako na kompyuta na pompa ya umeme ya esanse. Bateri ikikufa kabisa, hata mkisukuma mpaka Kabambare haitawaka. Sikio peke yake halitoshi tena.

Hapo ndipo nafasi yetu, ndugu wasomi. Wazee wa garaji wanajua kusikiliza, lakini hawakuandika, na wengi wanazeeka. Sisi tunajua kuandika, lakini wengi wetu hatujui hata bateri iko upande gani. Kila mmoja amfuate fundi mmoja wa mtaa wake, aketi naye, aandike kwa Kiswahili anachosema, hatua kwa hatua. Kazi hiyo haihitaji ufadhili. Daftari na kalamu tuko navyo.